Mahali pa Kulala kwa Anayekwenda Kupanda Mlima Hanang

Msafiri atokaye Dongobesh kwenda kupanda Mlima Hanang kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya chumba. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, tunamshauri atangulize jingine: njia ya kupandia inaanzia wapi, na yeye atafikaje hapo alfajiri? Bei ya chumba haina maana kamili mpaka swali hilo lijibiwe.

Hanang una kimo cha takribani mita 3,420. Wengi huupanda na kushuka kwa siku moja, na kwa sababu hiyo hulazimika kuanza safari kabla ya jua kuchomoza. Njia inayotumiwa zaidi, ile ya Jorodom, huanzia upande wa mji wa Katesh. Anayelala Dongobesh kwa ndugu zake ili kuokoa fedha ya gesti hana budi kushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Dareda, kisha ashike barabara ya Singida mpaka Katesh, gizani, na pengine kwenye utelezi. Atafika amechoka, na mlima bado haujaanza. Tunaona ni afadhali kulala Katesh usiku wa kuamkia siku ya kupanda, na usiku unaofuata pia, kwa kuwa anayeshuka jioni mara nyingi hukuta magari ya kurudi yamekwisha.

Tuseme gesti moja inatoza shilingi 20,000 bila kifungua kinywa, nayo iko mbali na mwanzo wa njia. Pikipiki ya kwenda ni shilingi 10,000, ya kurudi 10,000, na chai ya asubuhi 4,000. Jumla ni shilingi 44,000. Nyingine inatoza 35,000 pamoja na kifungua kinywa, na kutoka hapo mtu hufika kwa miguu. Hii ya pili ndiyo rahisi, ingawa kibao cha bei mlangoni kinasema kinyume. Mlaji aulize pia kama kifungua kinywa hicho kitakuwa tayari saa kumi alfajiri, au kama atafungiwa chakula cha kubeba. Chai inayoiva saa mbili asubuhi haimfai mpanda mlima, naye atakuwa ameilipia.

Jambo jingine huwachanganya wengi. Hanang si Hifadhi ya Taifa kama Kilimanjaro. Ni hifadhi ya msitu wa mazingira asilia, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kule Kilimanjaro, njia ya Marangu ina vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo. Hapa mgeni asitarajie kibanda. Atakayetaka kulala mlimani atabeba hema, maji na chakula chake, baada ya kupata kibali. Ukiambiwa na wakala kwamba bei yake ni pamoja na malazi mlimani, mtake aeleze kwa maandishi ni malazi gani hasa: hema la nani, la watu wangapi, na nani atakayelibeba.

Kiingilio cha hifadhi nacho hakimo katika bei ya chumba. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, nayo hutolewa risiti yake. Mwenye gesti akijitolea kukulipia, usimkatalie kwa ukali, maana wengine hufanya hivyo kwa wema. Lakini ipate risiti hiyo kabla hujaanza kupanda. Raia achukue kitambulisho chake, kwa kuwa viwango vya raia na vya wageni wa nje havilingani.

Tunakaa kidogo kwenye suala la usalama. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Kwa hiyo, hasa katika miezi ya mvua, mgeni aulize bila haya: nyumba hii iko karibu na korongo? Maji yakija usiku, tutoke kuelekea wapi? Mwenye nyumba aliye makini hatachukia swali hilo. Akilikejeli, tafuta kwingine, hata kama umekwisha kushusha mizigo.

Kuhusu chumba chenyewe, kiangalie kabla ya kulipa. Fungua bomba ujue kama maji ya moto yanatoka au yanaahidiwa tu, jaribu kitasa, hesabu mablanketi, kwa maana kati ya Juni na Agosti baridi ya huku si ya mzaha. Siku za mnada vyumba huwahi kujaa, hivyo ni busara kuweka nafasi mapema kwa simu.

Anayelipa kwa simu kabla ya kufika apate kwanza ujumbe unaotaja tarehe, idadi ya vyumba, bei, vilivyomo katika bei hiyo, na kiasi kitakachorudishwa safari ikiahirishwa. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa lilingane na jina la biashara au la mtu uliyetajiwa. Lisipolingana, sitisha malipo na upige simu. Ukifika, andikwa katika daftari la wageni na udai risiti ya mashine ya kielektroniki.

Ukikuta chumba si kile ulichoahidiwa, mweleze mwenye nyumba siku hiyo hiyo, upige picha, na usifute ujumbe wowote. Msipopatana, peleka shauri kwa ofisa biashara wa halmashauri. Ikiwa ulidanganywa kwa tangazo au maelezo, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yakiambatana na nakala za risiti, picha na ujumbe huo.