Wizi nao una mafundi wake

Watu wa mpakani wanajua kwamba kosa la jana laweza kuwa biashara ya leo. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria ya uhujumu uchumi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Sokoine, akasimamia msako wa walanguzi. Mwaka huo huo, ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji iliweka adhabu ya viboko, na candonga, yaani ulanguzi, ikawa miongoni mwa makosa ya kuchapiwa. Mwaka uliofuata Tanzania ikawaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, bila kuulizwa walizipata wapi! Sisi tuliosomea ukimbizini tuliona hayo kwa karibu. Daftari zangu zilinunuliwa kwa samaki wakavu waliovuka mto bila karatasi.

Msumbiji ilikwenda mbali zaidi. Katika Operação Produção ya 1983, mtu wa mjini asiyeweza kuthibitisha kazi yake alihesabiwa kuwa hazalishi. Maelfu walisafirishwa, wengi wao hadi Niassa. Kukosa kazi kukawa ndiyo hatia yenyewe.

Je, uhalifu wenyewe ni kazi? Mwanasosholojia wa Marekani, Edwin Sutherland, alitoa kitabu mwaka 1937 kutokana na maelezo ya mwizi mmoja mzoefu. Alionyesha kwamba wizi una ufundi, una kanuni, hufundishwa, na mtu hahesabiwi mwizi kamili mpaka wenzake wamkubali. Ni kama fundi seremala na mwanafunzi wake. Licínio Azevedo naye, katika filamu yake O Grande Bazar ya 2006, anawakutanisha sokoni watoto wawili: mmoja anatafuta kazi ili apate kurudi nyumbani, mwingine anaiba ili asirudi kwao. Kwa macho yangu, huyo anayeiba si mvivu hata kidogo.

Pwani yetu nayo ina ajira ya namna hiyo. Utafiti wa mwaka 2018 kuhusu njia ya heroini ulieleza jinsi majahazi kutoka pwani ya Makran yanavyosimama mbali na kaskazini mwa Msumbiji, kisha vyombo vidogo hufuata mzigo na kuuleta ufukweni. Hapo anatakiwa mtu anayejua miamba na bamvua, tena usiku. Ujuzi huo ni wa mvuvi, na mwenye mzigo hakutoa hata senti kumfundisha. Mtaniambia na samaki wangu walikuwa magendo. Ni kweli, lakini waliliwa wakaisha. Heroini huacha mateja. Waulizeni akina mama wa Zanzibar na Mombasa.

Waliovamia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 nao walihitaji watu. Watafiti wa IESE ya Maputo, katika ripoti yao ya 2019, waliandika kuhusu vijana waliovutwa kwa fedha.

Darasani kwangu wamo vijana wanaoijua bahari kunishinda. Waajiri wa aina hizo mbili hawawadai karatasi. Mwenye mkataba na mshahara huanza kwa kuuliza cheti, halafu Kireno.