Maisha Marefu ya Mkaa Chini ya Msitu

Moto wa msituni ukizimika, majivu hutangulia kuondoka. Upepo huyapeperusha, na mvua ya kwanza huyasomba. Vipande vya mkaa hubaki. Miaka inavyopita, majani yanayopukutika huvifunika, wadudu huvichimbia chini na mizizi huvipasua. Kwa kuwa mkaa hauozi upesi kama gogo, ni rahisi kudhani kwamba hapo umefika mwisho wake. Kumbe ndipo mabadiliko yake yanapoanza.

Joto kali hufukuza maji na gesi za mti, likaacha kaboni iliyojipanga katika pete zilizoshikana, ambazo bakteria na kuvu huzimeng'enya kwa shida. Mkaa mpya una vinyweleo vingi, lakini uso wake mara nyingi hukataa maji na hauna nguvu kubwa ya kushika virutubisho. Kisha oksijeni huushambulia uso huo taratibu hadi ukapata chaji hasi. Chaji hiyo hunasa kalsiamu, magnesiamu na potasiamu ambazo vinginevyo zingezama na maji ya mvua.

Kasi ya mabadiliko hayo hutegemea hali ya hewa. Wanasayansi walichunguza mkaa wenye umri wa miaka 130 hivi, uliobaki kwenye maeneo ya tanuri za kale za chuma kutoka Quebec, Kanada, hadi Georgia, Marekani. Kadiri mahali palivyokuwa na joto, ndivyo uso wa mkaa ulivyokuwa umebadilika zaidi.

Kaskazini mwa Uswidi kuna kisa kingine. Huko kichaka kifupi kiitwacho Empetrum hutoa kemikali zinazozuia miche ya miti kukua. Olle Zackrisson na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba mkaa wa moto hunasa kemikali hizo na kuipa miche nafasi. Uwezo huo hufifia baada ya miaka 100 hivi, vinyweleo vikishajaa. Ajabu ni kwamba mkaa huo mkongwe ukipashwa joto upya, nguvu zake hurudi. Kwa hiyo moto mpya unaweza kuuamsha mkaa wa moto wa zamani. Mwaka 2008 watafiti wa huko huko walitoa matokeo ya mifuko iliyokaa msituni miaka 10: mboji iliyochanganywa na mkaa ilipungua zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Mkaa, pamoja na kuhifadhi kaboni yake, unaweza kuchochea upotevu wa kaboni ya jirani.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Magharibi mwa Kenya, ambako misitu ilichomwa kwa nyakati tofauti ndani ya karne moja ili kupata mashamba, watafiti akiwemo Johannes Lehmann wa Chuo Kikuu cha Cornell walilinganisha udongo wa mashamba mapya na ya zamani. Kaboni ya mkaa ilishuka kutoka miligramu 12.7 hivi kwa kila gramu ya udongo hadi karibu 3.8 katika miaka 30 ya kwanza. Baada ya hapo ilipungua polepole sana.

Linganisha na Mayombe, magharibi mwa Kongo. Chini ya msitu mnene umechimbuliwa mkaa wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na chembe zake bado zinasomeka kwa hadubini kiasi cha kutambua aina ya mti ulioungua.

Mkaa unaotoweka hauendi njia moja. Sehemu humeng'enywa, sehemu husombwa na mmomonyoko, na sehemu huyeyuka majini. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba mito ya dunia hupeleka baharini tani milioni 26.5 za kaboni ya mkaa iliyoyeyuka kila mwaka.

Kwa wanaohesabu kaboni ya misitu, jambo hili ni zito. Mkaa wote ulioachwa na moto hauwezi kuandikwa kuwa akiba ya milele, hasa pale msitu unapogeuzwa shamba. Udongo wa eneo lililoungua unapaswa kupimwa tena na tena kwa miongo kadhaa, kwa sababu kipimo kimoja cha mwaka wa moto hakionyeshi kitakachobaki miaka 30 baadaye.