Pikipiki Kuukuu na Gia Zinazogoma

Mtu atokaye Bukoba mjini kwenda Muleba kwa pikipiki hana budi kubadilisha gia mara nyingi mno. Vilima vya nchi hiyo vimejipanga kama matuta ya viazi kandokando ya Ziwa Victoria, na njia huvikata: hushuka bondeni, huvuka kijito, kisha hupanda tena. Anayepita Muhutwe na Kamachumu ndiye alijuaye jambo hili vizuri zaidi, hasa akiwa amefunga gunia la kahawa nyuma. Katika safari ya namna hiyo, gia inayogoma kuingia ni zaidi ya kero. Chombo kikiwa katikati ya mteremko, gia ikatoka namba tatu isiingie namba mbili, injini haizuii tena gurudumu. Uzito wote wa mzigo na wa binadamu hubaki juu ya breki peke yake, nazo huenda zimelowa maji.

Gia zikianza kukwaruza na kugonga, watu wengi husema mara moja kwamba sanduku la gia limekufa na kwamba dawa yake ni kupasua injini. Mwandishi wa makala haya aliambiwa hivyo hivyo kuhusu pikipiki yake, Honda CG125 iliyokwisha kupita mikono mitatu kabla ya kumfikia. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, hivyo fundi yeyote wa Kagera anaijua. Gharama iliyotajwa ilizidi mshahara wa mwezi. Kabla ya kukubali, ilimpasa ajiulize swali ambalo mwalimu wa fizikia angemwuliza mwanafunzi wake: kuna ushahidi gani kwamba kosa limo ndani ya sanduku?

Yafaa kwanza tujue kinachotendeka mguu unapokanyaga pedeli ya gia. Wengi hudhani kwamba magurudumu yenye meno huachana na kukutana upya. Sivyo. Katika pikipiki za kawaida magurudumu hayo yameshikana meno wakati wote, mawili mawili, moja likiwa juu ya mhimili unaopokea nguvu kutoka kwenye klachi, na jingine juu ya mhimili unaopeleka nguvu kwenye mnyororo. Katika kila jozi, gurudumu moja limefungamana na mhimili wake na la pili huzunguka bure. Kuingiza gia ni kulifunga hilo lililo huru. Kazi hiyo hufanywa na vinundu vya chuma vilivyo ubavuni mwa gurudumu la jirani, ambavyo huingia katika matundu ya gurudumu lililo huru na kulishika. Gurudumu hilo la jirani husukumwa na uma wa chuma, na uma nao huongozwa na mfereji uliochongwa katika kipande cha mviringo, mfano wa ngoma ndogo. Pedeli ikikanyagwa mara moja, ngoma huzunguka hatua moja.

Basi kinundu hakiwezi kuingia katika tundu kwa upole ikiwa vitu hivyo viwili vinapishana kwa kasi. Chukua mfano wa injini inayonguruma taratibu, mizunguko 1,400 kwa dakika, na uwiano wa 4 kwa 1 kati ya injini na klachi. Klachi itazunguka mara 350 kwa dakika, yaani karibu mara 6 kwa sekunde. Chombo kikiwa kimesimama, mhimili wa upande wa mnyororo hauzunguki hata kidogo. Ikiwa klachi haikuachia sawasawa, ule mhimili wa kwanza utaendelea kuzunguka, na vinundu vitagonga kingo za matundu mara kadhaa kabla ya kutumbukia. Huo ndio mlio unaomshtua mpita njia. Kelele zatoka ndani ya sanduku, lakini mkosaji yuko nje yake.

Klachi huachia kwa amri ya mkono wake, na mkono huo ni wenzo kama ule wa kitabu cha fizikia cha shule. Tuseme kutoka kwenye egemeo hadi nchani ni milimita 125, na kutoka kwenye egemeo hadi waya unaposhikwa ni milimita 25. Ncha ikisogea milimita 5, waya husogea 1. Mwendo mzima wa ncha ukiwa milimita 75, waya ungevutika milimita 15. Ila sehemu ya mwendo huo hupotea katika ulegevu. Vitabu vya pikipiki nyingi ndogo vinataka ulegevu wa milimita 10 hadi 20 nchani. Ukiwa 15, waya hupoteza milimita 3 na klachi hupata 12. Ukiachwa ufike 40, waya hupoteza 8 na klachi hupata 7 tu.

Ndani ya klachi mna sahani za msuguano na sahani za chuma zilizopangwa kwa zamu. Tuseme nyuso zinazogusana ni 10, na zile milimita 12 za waya huzitenganisha kwa jumla ya milimita 1.5. Kila uwazi utapata milimita 0.15. Kwa milimita 7 za waya, kila uwazi hushuka chini ya milimita 0.09, ambao ni takriban unene wa karatasi moja ya daftari. Oili nzito ya asubuhi ya baridi huujaza uwazi huo na kuziburuta sahani pamoja. Sahani iliyopindwa kidogo na joto huuziba kabisa. Mwanafunzi na azirudie hesabu hizi kwa vipimo vya pikipiki iliyo karibu naye; rula ya shule inatosha.

Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na mvua hiyo haiwi na huruma kwa waya wa klachi. Maji huingia juu, karibu na mkono, hutiririka ndani ya ala na kutuama palipo na kona. Kutu huanza. Waya huwa mzito kuvuta, kisha nyuzi zake hukatika mmoja baada ya mwingine mahali pasipoonekana, na waya hurefuka. Mwenye chombo huona gia zinakwaruza. Mkono ule wa kushoto hautilii shaka.

Yapo majaribio matatu yasiyohitaji hata spana. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, isukume pikipiki mbele na nyuma kidogo huku ukipandisha na kushusha gia. Zikiingia kwa urahisi, na taabu ikatokea tu injini inapowaka, shuku klachi. Pili, injini ikiwa inanguruma na chombo kimesimama mahali tambarare, vuta klachi kikamilifu, breki ya mbele ukiwa umeishika, uingize namba moja. Chombo kikijivuta kutaka kwenda, au nyutro ikikataa kupatikana, klachi inaburuta. Tatu, na hili ndilo lenye maana kuliko yote, jiulize kama ugumu uko katika gia zote au katika moja tu. Klachi, oili na waya huzihudumia gia zote bila upendeleo. Kasoro inayochagua namba moja tu kwa kawaida huwa katika vinundu, matundu au uma wa namba hiyo.

Oili nayo ina mambo yake. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili ile ile hulainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari hutiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayoishi ndani ya oili huhitaji msuguano huo ili ishike; tafuta kopo lenye alama ya JASO MA. Kwa zile za mipigo miwili, ambazo zamani mabwana shamba wengi walizitumia, sanduku la gia lina oili yake peke yake. Wapo waliodhani kwamba oili ya kuchanganya na petroli yatosha, sanduku likakauka. Mnyororo uliolegea nao hurusharusha chombo kila gia inapoingia, na kumfanya mpandaji alaumu gia bure.

Tukirudi kwenye ile CG125: gia zote zilikuwa ngumu, na injini ilipozimwa ziliingia bila kelele. Waya ulipotolewa, nyuzi zaidi ya nusu zilikuwa zimekatika chini ya usukani. Waya mpya ulifungwa, ulegevu ukapimwa milimita 15. Onyo moja hapa: asiyeacha ulegevu wowote huifanya klachi isishike kikamilifu, nayo huteleza na kuungua. Gia zikawa laini, isipokuwa namba mbili, ambayo iliendelea kuruka kila pikipiki ilipobeba mzigo kupanda Kamachumu.

Injini ikapasuliwa basi, safari hii kwa ushahidi. Gia tatu kati ya tano zilikuwa nzima. Vinundu vya namba mbili vilikuwa vimelika pembe zake, kwa kuwa ndiyo gia iliyogongwa zaidi miezi yote ambayo klachi ilikuwa ikiburuta. Namba moja ilikuwa imeanza kumfuata. Yalinunuliwa magurudumu mawili badala ya sanduku zima. Lile bovu la namba mbili sasa liko juu ya meza ya maabara. Wanafunzi hupitisha kidole kwenye pembe zake za mviringo, kisha kwenye pembe kali za gurudumu zima, wakakisia ni mara ngapi chuma kiligonga chuma hadi kikawa hivyo.