Litungu si la kutumbuiza tu

Sisi watu wa Pwani tukisikia nyuzi, mawazo hukimbilia udi na ganuni za taarabu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi kazi iliponileta Kitale na matanga ya jirani yakanifikisha Bungoma.

Jioni ile mzee mmoja aliketi na litungu lake. Hiki ni chombo cha Wabukusu: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, kijiti kilichokingama juu, na nyuzi 7. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi ni za nailoni. Nilidhani anatutumbuiza. Kumbe alikuwa akitaja koo, akieleza marehemu alitoka kwa nani, na kuwaonya warithi wasigombanie shamba. Vijana waliokuwa wakicheka walinyamaza.

Nilikumbuka chombo cha Wachina kiitwacho guqin. Nacho kina nyuzi 7, ila hulazwa kama ganuni. Kwao, msomi kamili alitarajiwa kujua mambo manne: guqin, mchezo wa weiqi unaochezwa kwa vijiwe ubaoni, mwandiko mzuri na uchoraji. Msomi alikipiga peke yake au mbele ya rafiki, ili atulize nafsi. Mwaka 2003 UNESCO ilikitambua kuwa hazina ya binadamu wote.

Basi vyombo vyote viwili ni vya wenye hekima. Tofauti ni kwamba Wachina waliandika: kidole kipi, uzi upi, uguswe wapi. Kwa hiyo tuni za karne nyingi bado zinapigwa. Elimu ya litungu imo kichwani mwa mpigaji, naye akifa huenda nayo.

Nilimuuliza mzee nani atamrithi. Akacheka: "Mwanangu, hawa wajukuu wanataka kunipiga video tu."

Mimi nasema hiyo video ni mwanzo mzuri. Makumbusho ya Kitale, yaliyoanza mwaka 1926 kama mkusanyiko wa mtu binafsi, yanaweza kutunza chombo, lakini hayawezi kutunza vidole wala maneno. Shule nazo hupeleka litungu kwenye mashindano ya muziki. Zifundishe pia yale yanayosemwa juu ya nyuzi hizo.

Nasi wa Pwani tusijione tumesalimika. Wapigaji wetu wa gambusi wamebaki wangapi? Kaa nao jioni moja, simu ikirekodi, na uulize kila neno lina maana gani.