Umbo la Shairi la Kiswahili katika Vivinjari Mbalimbali

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini ukurasa mmoja wa tovuti huonekana kwa sura tofauti katika vivinjari tofauti (ambavyo baadhi ya wataalamu huviita visakuzi), na kupendekeza namna ya kulikabili tatizo hilo. Mfano wetu ni shairi la tarbia, kwa kuwa umbo lake ni sehemu ya maana yake. Msomaji aliye Muthangari mbele ya kompyuta ya mezani huenda akaona mishororo minne katika kila ubeti. Mwenzake aliye ndani ya matatu akielekea katikati ya jiji la Nairobi, simu mkononi, huenda akahesabu minane. Wawili hao wakikutana darasani watabishana kuhusu bahari ya shairi, ilhali kosa ni la ukurasa.

Chanzo cha tatizo

Sura ya ukurasa huelezwa kwa CSS, lugha ya mitindo iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa na shirika la W3C Desemba 1996. Ikumbukwe kwamba CSS huagiza tu. Kivinjari ndicho hufasiri. Kwanza, kila kivinjari kina mitindo yake ya msingi, ambayo hutumika pale mtunzi wa ukurasa anaponyamaza: ukubwa wa herufi, pambizo na nafasi kati ya aya.

Pili, vivinjari vya awali havikuafikiana hata kuhusu hesabu. Tuchukue kisanduku chenye upana wa pikseli 300, nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande. Kwa kanuni ya W3C, jumla ni pikseli 350. Internet Explorer 5 iliyajumuisha yote ndani ya zile 300. Internet Explorer 6, iliyotolewa mwaka 2001, ilifuata kanuni, ila pale tu ukurasa ulipoanza kwa tamko mwafaka la aina ya waraka.

Tatu, Opera Mini, iliyozinduliwa mwaka 2005, iliuandaa ukurasa kwenye seva kabla ya kuutuma kwa simu ili kupunguza data. Baadhi ya maagizo ya mitindo hayakufika.

Njia za utatuzi

Mosi, ukurasa uanze kwa <!DOCTYPE html>. Ingawa Internet Explorer ilistaafishwa mwaka 2022, tamko hili lingali muhimu, kwani bila hilo vivinjari vya leo hurejelea baadhi ya mazoea ya kale. Aidha, usimbaji wa UTF-8 utajwe wazi, la sivyo ritifaa iliyopinda katika neno kama ng’ombe yaweza kugeuka vibambo visivyosomeka.

Pili, mitindo ya msingi isawazishwe kabla ya kuongeza mingine, mbinu iliyoenezwa na Eric Meyer mwaka 2007. Agizo la box-sizing: border-box nalo huondoa utata wa hesabu tuliouona.

Tatu, ukwapi na utao usitenganishwe kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi, kwani HTML huzikunja nafasi hizo kuwa moja. Kila kipande kifungwe katika elementi yake na kupewa agizo la display: inline-block. Skrini ikiwa nyembamba, mshororo utakatika baina ya vipande, wala si katikati ya mizani. Mishororo nayo itenganishwe kwa nafasi ya wazi ili idadi yake isipotee.

Nne, orodha ya fonti imalizike kwa jina la jumla, kama vile serif, kwani si kila simu ina fonti tuipendayo.

Tano, ukurasa ujaribiwe. Chrome, Opera na, tangu mwaka 2020, Edge hutumia injini moja, Blink. Kuzijaribu hizo pekee ni kuwahoji mashahidi wa nyumba moja. Firefox yenye Gecko na Safari yenye WebKit zisisahaulike.

Hitimisho

Ulinganifu hauna maana kwamba kila pikseli ifanane. Herufi zaweza kukua na pambizo kupungua bila shairi kudhurika. Yasiyopaswa kubadilika ni yale ambayo mwanafunzi atayahesabu: beti, mishororo, mizani na mahali pa vina. Anayeyachapisha mashairi yetu mtandaoni ana wajibu wa kuyalinda hayo, kama alivyokuwa nao mpigachapa wa vitabu.