Machweo ya Masieda Huamuliwa Kahama

Jua likishazama Dar es Salaam, Masieda bado wana dakika kumi na saba hivi za mchana. Saa ni moja nchi nzima, lakini kata hii ya Wilaya ya Mbulu iko magharibi ya Dar kwa zaidi ya digrii nne za longitudo, na kila digrii ni dakika nne. Kwa hiyo huku Manyara jua huchwa kati ya saa 12 na nusu na saa 1 hivi, kutegemea mwezi. Muda haubadiliki sana. Kinachobadilika ni rangi: leo mbingu inawaka kuanzia upande wa Ziwa Eyasi hadi utosini, kesho wakati uleule jua linatumbukia ndani ya utando wa kijivu na hakuna anayegeuza shingo kulitazama. Tofauti hiyo ina sababu zake, na nyingi haziko Masieda.

Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza aliyekuja kujulikana kama Lord Rayleigh alionyesha kwamba molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu, tena kwa tofauti kubwa: zambarau ya nanometa 400 hutawanywa zaidi ya mara tisa kuliko nyekundu ya nanometa 700. Mchana, ile bluu iliyotawanywa ndiyo mbingu yenyewe. Jioni nuru haitoki tena juu. Inakuja ikiambaa na mgongo wa dunia, na hewa inayoipitia ni nyingi mara 38 hivi kuliko ile inayopitiwa jua likiwa utosini. Safari hiyo inamaliza bluu, inapunguza kijani, na kinachofika machoni ni manjano, chungwa na nyekundu.

Hapo ndipo watu wengi, wapiga picha wakiwamo, wanaposema kwamba vumbi ndilo linalopamba machweo. Ni imani iliyokaa sana, na kwa kiasi kikubwa si kweli. Stephen Corfidi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani aliyeandika kwa kirefu juu ya rangi za jioni, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba kiungo kikuu cha machweo mazuri ni hewa safi. Sababu ni ukubwa wa chembe. Molekuli ya hewa ni ndogo mno kuliko wimbi la nuru, ndiyo maana inazichagua rangi. Chembe ya vumbi ni kubwa kuliko wimbi hilo, kwa hiyo inazitawanya rangi zote karibu sawasawa, na matokeo yake ni weupe uliofifia.

Ushahidi upo jirani. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, Eyasi huwa limerudi ndani na kuacha maeneo mapana ya magadi makavu, na Bonde la Yaeda nalo hukauka. Upepo wa mchana unainua vumbi jeupe, visulisuli vinatembea bondeni, na ikifika jioni jua linashuka likiwa la manjano hafifu, limezungukwa na weupe mpana. Mtu anaweza kulitazama bila kukunja uso, jambo ambalo peke yake linaonyesha nuru kiasi gani imepotea njiani.

Moshi una tabia yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba moto huchoma nyika na misitu ya miombo sehemu kubwa ya Tanzania, Zambia na Kongo. Chembe za moshi ni ndogo kuliko za vumbi, na zile ndogo zaidi bado zina uwezo wa kuchagua rangi. Kwa hiyo jua la msimu wa moto huwa jekundu kweli kweli, duara kamili la kukata kwa kisu. Lakini ni duara tu. Mbingu iliyolizunguka imekufa rangi, na mara nyingi jua lenyewe hupotea kabla halijafika kwenye upeo wa macho. Anayependa jua jekundu aje Agosti. Anayependa mbingu nzima asubiri mvua.

Mvua inaosha. Matone yakishuka yanakokota vumbi na moshi hadi chini, na hewa inayobaki nyuma yake inapitisha rangi bila kuzichafua. Mwinuko nao unasaidia. Haydom, mji mdogo wa wilaya hii hii, uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kumaanisha karibu sehemu moja kati ya tano ya hewa yote imeshabaki chini. Ukilinganisha na Forodhani, Unguja, ambako unyevu na chumvi ya bahari huweka utando karibu kila jioni, mwenye macho ya haki atakubali kwamba sifa za machweo ya pwani zimetokana sana na majahazi yanayopita mbele yake.

Hewa safi peke yake, hata hivyo, inatoa ukanda mwembamba wa rangi upande wa magharibi na basi. Ili mbingu yote iwake lazima kuwe na kitu cha kupokea nuru hiyo huko juu, yaani mawingu. Si mawingu yoyote. Yale mazito ya chini yanakaa kwenye hewa chafu, na nuru inayoyafikia imeshachoka. Yanayofaa ni ya katikati, yale ya mabonge madogo madogo yaliyopangana mbinguni, na ya juu kabisa, sirasi, ambayo ni nyuzi za barafu zilizo kilomita kumi au zaidi kutoka ardhini. Huko juu hewa ni safi, na jua linaonekana kwa muda mrefu zaidi.

Kwa muda gani? Hesabu yake ni ya kidato cha tatu, na ndiyo kiini cha jambo zima. Wingu lililo kilomita tano na nusu juu ya Masieda linaona upeo wa macho ulio umbali wa kilomita 265 hivi. Nuru ya mwisho inayolifikia imepita karibu na ardhi huko mbali, ikaendelea kupanda hadi kulimulika kwa chini, dakika tisa au kumi baada ya jua kuzama kwa mtu aliyesimama tambarare. Sirasi la kilomita kumi linaona kilomita 357, na huendelea kuwaka kwa dakika kama kumi na tatu. Watu wengi wakati huo wameshageuka kurudi nyumbani, na wanakosa sehemu bora.

Sasa chukua ramani upime kilomita hizo 265. Machi na Septemba jua linazama magharibi kamili, na mstari unaishia jirani na Kahama. Desemba linaelekea kusini, mstari unaangukia Tabora. Juni linaelekea kaskazini, mstari unakwenda upande wa Geita, kusini mwa Ziwa Victoria. Kama huko kumesimama wingu la radi, kivuli chake kinakata njia ya nuru na mawingu ya Masieda yanabaki kijivu, hata kama juu ya kichwa cha mtazamaji kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana jioni iliyoonekana kuahidi mengi huisha hivi hivi tu: nuru ilizuiwa mikoa miwili nyuma.

Kalenda ya mvua inaeleza yaliyobaki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huiweka Manyara pamoja na Arusha na Kilimanjaro kwenye mikoa ya vuli na masika, ilhali Tabora ni ya mvua za msimu, zinazoanza kwa kawaida Novemba na kwisha Aprili. Desemba na Januari, basi, Masieda inaweza kuwa na mawingu mazuri kabisa huku njia ya nuru ikiwa imezibwa na radi za alasiri za Tabora. Novemba ni bahati nasibu. Mei ndio mwezi wa kuwekewa dau: masika yanamalizikia, vumbi limelala, moto wa nyika haujaanza kushika, magharibi kumeshakauka, na pepo za kusini mashariki bado zinaleta mawingu kutoka upande wa Msitu wa Nou, ambako hugonga ukingo wa nyanda za juu na kupoteza unyevu kabla ya kushuka kuelekea Yaeda. Mashariki kuna mawingu, magharibi kuna uwazi. Haihitajiki zaidi ya hapo.

Anayetaka uhakika wa siku moja anaweza kuupata kwenye simu. Picha za setilaiti za Meteosat hutolewa kila baada ya dakika 10 au 15, na saa 11 jioni zinaonyesha wazi kama kati ya Kahama na Singida kuna wingu la radi au hakuna.

Magharibi si upande pekee wa kutazama. Juni, kwa aliye Haydom, jua linazama karibu kinyume kabisa na Mlima Hanang, ulio kusini mashariki, umbali wa kilomita hamsini na kitu. Kilele chake cha mita 3,417 kinabaki na jua kwa dakika tano hivi baada ya tambarare kuingia kivulini, na rangi yake hupita kutoka chungwa hadi waridi. Nyuma ya mlima kunapanda ukanda wa buluu iliyokolea: hicho ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia angahewa. Juu yake kuna utepe wa waridi ambao wanaastronomia huuita mshipi wa Zuhura. Hewa ikiwa na vumbi, vyote viwili havionekani.

Na ile bluu ya utosini inayokolea dakika chache baadaye haitokani na Rayleigh, ingawa vitabu vingi vinaishia kwake. Mwaka 1953 Mmarekani Edward Hulburt alikokotoa kwamba kwa mtawanyiko wa hewa peke yake, mbingu ya jioni utosini ingekuwa na rangi ya kijivu na manjano. Kinachoiokoa ni ozoni. Nuru ikipita kwa ulalo ndani ya tabaka la ozoni, gesi hiyo hunyonya chungwa na manjano, na bluu inabaki.

Yote haya hufanyika haraka. Digrii nne kusini ya ikweta jua linashuka karibu wima, na mwanga wa kutosha kufanyia kazi nje hukatika baada ya dakika 21 au 22. Wanorwe walioanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955 walitoka nchi ambako Juni, hata Oslo iliyo kusini, mwanga wa jioni haumaliziki hadi unapokutana na wa alfajiri.

Ipo hali moja ambayo jioni za Manyara hurefuka pia, nayo ni volkeno. Krakatoa ilipolipuka Agosti 1883, wingu lake lilisafiri kuelekea magharibi likikaribia mstari wa ikweta, likapita Bahari ya Hindi na Afrika, na kuizunguka dunia kwa wiki mbili hivi. Novemba mwaka huo vikosi vya zimamoto huko New York na Connecticut viliitwa kuzima moto uliokuwa mbinguni tu. Kinachofanya kazi hiyo hasa ni salfa dioksaidi, ambayo ikifika stratosfia hugeuka kuwa matone laini ya asidi na kuelea kwa miezi, juu kabisa ya mvua yoyote inayoweza kuyaosha. Pinatubo ilifanya hivyo mwaka 1991, Nabro ya Eritrea kwa kiasi mwaka 2011, na Hunga Tonga mwaka 2022 iliwapa watu wa kusini mwa dunia jioni za zambarau kwa wiki kadhaa. Ol Doinyo Lengai, volkeno hai iliyo jirani zaidi na Mbulu, ililipuka kwa nguvu kuanzia Septemba 2007 hadi mwaka uliofuata, lakini mzigo wake ulikuwa zaidi ni majivu, na mengi yaliangukia malisho ya vijiji vya jirani.