Paka wa Marara na Hariri ya Baghdad

Katika lugha ya Kiingereza mna neno tabby, jina la paka wa marara, yule mwenye milia iliyopindapinda ubavuni. Watoto wetu hukutana nalo katika vitabu vyao vya hadithi, wakalipita. Ni wachache wanaodhani kwamba neno dogo kama hilo lina nasaba, tena nasaba ya Kikureishi.

Mwaka wa 8 Hijria, sawa na 630 Miladia, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtawalisha mji huo Attab bin Asid (r.a.), kitukuu cha Umayya, naye angali kijana. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 762, Bani Abbas walianza kuujenga Baghdad, na mtaa mmoja wa mji huo ukaitwa Al-Attabiyya. Kamusi za Kiingereza huunasibisha mtaa huo na Attab, kitukuu cha Umayya. Yeye mwenyewe Baghdad hakuuona. Ni jina lake lililofika.

Al-Attabiyya ulikuwa mtaa wa wafumaji. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia aliyefika Baghdad mwaka 1184, aliandika kwamba humo zilifumwa nguo za attabi, za hariri na pamba, zenye rangi mbalimbali. Sifa yake ilienea hata Almeria, katika Andalusia hiyo hiyo, wakawako wafumaji wa attabi. Wafaransa walilikata neno kichwa wakasema tabis, na katika karne ya 17 Waingereza wakalifanya tabby. Wala tusiwacheke: bibi zetu nao, walipoletewa kitambaa cha pamba kutoka Marekani, walikiita marekani, basi.

Hariri ya tabby ilikuwa na mng'ao wa mawimbi, na katika karne hiyo hiyo paka aliyefanana nayo akapewa jina lake. Lau neno lingekomea hapo, tusingekuwa na la kulalamikia. Lakini katika karne ya 18, mwanamke aliyepevuka kiumri bila ya kuolewa naye aliitwa tabby, kwa kejeli. Wako wanaosema kwamba jina la kike la Tabitha lilichangia. Kwa rai yetu, paka alitosha. Jina lilikuwa la liwali, likawa la mtaa, likawa la hariri, na lilipomfikia mwanamke ndipo likageuka tusi. Kejeli hiyo imefifia huko Uingereza. Ya kwetu haijafifia, na mwenye dada ambaye hajaolewa anajua aambiwavyo arusini. Hatuna haja ya kuyaandika hapa.

Wafumaji wa Kiingereza wamelihifadhi neno vizuri zaidi. Kwao, tabby hadi leo ni ufumaji ulio sahali kuliko wote: uzi wa mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho wa nguo. Kikoi nacho hufumwa vivyo hivyo.